Spika Anashuka Korongoni

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la zahanati, kiatu kimoja mguuni na cha pili mapajani, katika mji ambao sikujua hata mtaa wake mmoja, mara ukuta niliouegemea ukatetemeka.

"Namba kumi na tisa! Jipu! La kukalia!"

Mzee mmoja mnene aliinuka pembeni, akalivuta shati lake chini, akaelekea mlango wa ndani huku benchi zima likimsindikiza kwa macho hadi mahali penyewe palipotajwa.

"Namba ishirini! Minyoo! Lakini ya mtoto, mama hana neno!"

Mama wa mtoto aliinua mkono kushukuru kwa ufafanuzi huo.

"Spika!" ilitoka sauti ya mwanamke nyuma ya pazia. "Nimekwambia mara ngapi? Ita namba, ugonjwa uache!"

"Sista, namba tupu haina chumvi!"

Nilitazama huku na huko nikitafuta kipaza sauti. Hakikuwapo. Kulikuwa na mtu mfupi mwenye shingo nene na kofia ya kitambaa iliyopauka, aliyekaribia umri wa kustaafu, amesimama kando ya pazia kama bawabu wa hoteli kubwa. Aliuona mguu wangu, akakiona kiatu, akavuta pumzi.

"Namba ishirini na moja! Mgeni! Viatu vipya!"

Sikuwa nimemwambia neno lolote.

Nyuma ya pazia nilimkuta muuguzi mkuu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye watu wote walimwita Sista na ambaye alinishika kisigino kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Aliniuliza nimetoka wapi na viatu hivi. Nikamweleza kwamba nimezurura nchi nyingi, na kwamba katika mji niliotoka mtu mmoja aliniambia habari iliyoninyima raha: eti kwenye nyanda hizi za chini, tambarare kiasi kwamba maji ukiyamwaga husimama yakisubiri maelekezo, kuna makorongo ambayo huyaoni mpaka uwe umeshatanguliza mguu mmoja. Nikanunua viatu nije kuyatembea.

"Amekuja kwa ajili ya makorongo!" Spika alitangaza kwenye chumba cha kusubiri, maana pazia kwake lilikuwa ni kitambaa tu.

"Umepata bahati mbaya na bahati nzuri," Sista alisema akinifunga bandeji. "Nzuri ni kwamba chama chetu kinatembea korongoni kila Jumamosi, na mwenyekiti ni mimi. Mbaya ni kwamba mguu huu hauteremki popote. Utakaa juu na Spika."

"Juu ya nini?"

"Juu yetu."

Jioni ile Spika alinichukua nyumbani kwake, kwa hoja kwamba mgeni mwenye bandeji ni mali ya zahanati na yeye ndiye zahanati ikishafungwa. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele nusu yake ilikuwa cherehani na sare za shule zilizokatwa, zimerundikwa kwa saizi. Niliona kwamba vikombe vyote vilining'inizwa kwa misumari ukutani, hakuna hata kimoja kilichokaa rafuni.

"Vya rafuni vilimalizika mwaka tulipooana," alisema mkewe bila kuinua macho kwenye mshono. Mji mzima ulimwita Bi Sindano. Alikuwa mwembamba, mkimya, na maneno aliyatoa moja moja kama mtu anayehesabu vifungo. Alikuwa na mkasi mkubwa wa chuma, na mkasi huo ulikuwa na lugha yake. Akiukata hewani mara moja, cha!, maana yake mume apunguze sauti. Mara mbili, cha! cha!, aende akaongelee nje.

Kwa hiyo maisha ya Spika niliyasikia kwa vipande, kingine ndani, kingine uani.

Alizaliwa na sauti hiyo. Mama yake akimtuma awaite ndugu zake waje kula, walikuja ndugu zake, watoto wa jirani, na mara moja mchungaji aliyekuwa akipita njia nyingine kabisa. Shule aliyosoma iliibiwa kengele, na mwalimu mkuu hakusumbuka kununua nyingine. Alipokuwa mtu mzima, zahanati ilinunua spika ya umeme kwa ajili ya kuita wagonjwa. Spika ikaharibika mwezi wa kwanza, ikapelekwa kwa fundi, na yeye akaombwa ashike nafasi yake kwa muda mpaka irudi. Fundi alihama mji. Spika haikurudi. Jina likambaki.

"Na makorongo?" niliuliza.

Hapo uso wake ulibadilika kidogo. Alianza kuyaeleza, na nakiri kwamba nimesikia watu wakisifia nchi zao kwa lugha nyingi lakini sijasikia sifa kama zile. Jinsi uwanda unavyopasuka ghafla miguuni mwako kama mkate uliokatwa. Jinsi kuta zilivyo na tabaka nyekundu, njano na nyeupe. Jinsi korongo kubwa linavyogawanyika matawi, na matawi kuzaa vidole.

"Na kule chini, hewa yake ikoje?"

Alikuna shingo. Cherehani ikasimama.

"Mwambie," alisema Bi Sindano.

"Sijui," alisema Spika, kwa sauti ambayo kwa mtu mwingine ingekuwa ya kawaida. "Sijawahi kushuka."

Sababu yake ilikuwa hii. Chama kilipoanza, walishuka wote kwa furaha, yeye siku hiyo akiwa zamu zahanati, na ndani ya korongo hakuna unachokiona ila kuta mbili na ufa wa mbingu. Mji wao una alama moja tu ya kujielekezea, tangi la maji lililosimama juu ya nguzo zake, na ukiwa chini tangi hulioni. Walizunguka siku nzima. Walipopata mahali pa kupandia, walitokea nyuma ya vyoo vya shule ya mji wa jirani, katikati ya mtihani wa taifa, wakiongozwa na muuguzi aliyejaa udongo mpaka kwenye miwani. Watoto watatu walikimbia na karatasi zao.

Tangu hapo ikapitishwa kanuni kwamba mtu mmoja abaki juu, atembee ukingoni, alione tangi, awaone wenzake, awaelekeze. Mtu huyo anaitwa Jicho. Na kwa kuwa sauti ya mtu wa kawaida ikiingia korongoni hugongana na kuta ikafika chini imevunjika, Jicho alipaswa kuwa na sauti isiyovunjika. Hakukuwa na kura. Watu wote waligeuza tu vichwa.

"Kushoto na kulia hatutumii," Spika alinieleza, sasa akiwa uani, kwa amri ya mkasi. "Kushoto kwa nani? Kwangu mimi niliyewageukia, au kwao? Tulishagombana sana. Tunatumia mji. Upande wa tanuri la mikate unaita Mkate! Upande wa zahanati, Dawa! Upande wa shule, Kengele! Upande wa karakana ya seremala, Msumeno! Neno moja tu. Sentensi ikiingia kule inatoka uji."

Kila Jumamosi, basi, mkewe alipita chini na yeye akapita juu. Kabla ya kushuka wenzake walipiga hodi, kwa utani ulioanza zamani na kugeuka desturi yao, na yeye akiwa ukingoni aliwajibu karibu. Alikuwa mwenye nyumba wa korongo asiyewahi kuingia ndani. Katika chumba cha kusubiri aliwasimulia wagonjwa uzuri wa mahali hapo mpaka wengine wakasahau maumivu, na hakuna aliyemuuliza aliuona kutokea wapi. Aliyemuuliza ni mjukuu wake. Binti yao ameolewa kwenye mji ulio upande wa bondeni, mwendo wa saa kadhaa kwa basi, na walipomtembelea yule mtoto alimuuliza, "Babu, kule chini kabisa kuna nini?" Kabla hajafungua kinywa, mtoto mwenyewe akajijibu: "Aa, nitamuuliza bibi. Wewe ni wa juu."

"Wa juu!" alisema Spika. Kuku wa jirani waliruka. "Mimi, wa juu!"

Magoti yake yalikuwa yameshaanza kulia. Sista alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwakani asifikirie mteremko wowote isipokuwa wa kitandani. Na mvua zilikuwa njiani, na kila mvua huporomosha kuta na kuijenga sakafu ya korongo upya, kwa hiyo hata kile ambacho mkewe alikijua chini kule kingekuwa kingine. Ilibaki Jumamosi moja.

"Umeomba?"

"Kila mwaka! Sista anasema, niletee sauti nyingine, ushuke. Tulimjaribu Fundi Baiskeli. Alipiga kelele 'Mkate' akapaliwa, ikabidi wenzake wapande juu kumpigapiga mgongo. Tukamjaribu seremala. Seremala kila alikoelekea alisema Msumeno, anajipenda." Akautazama mguu wangu wenye bandeji kama mtu anavyotazama mzigo ulioangushwa mlangoni kwake na Mungu. "Wewe Mgeni hushuki. Una mdomo. Umesema nao kwa lugha nyingi."

"Sina sauti."

"Mgeni njoo mwenyeji apone!" alisema, na ndani mkasi ukalia mara mbili, ingawa tulikuwa tayari tuko nje.

Tatizo la kwanza halikuwa sauti. Mji sikuujua, na Jicho asiyejua mkate unaokwa wapi ni jicho la kuchora. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nimeshalala kwenye miji ambayo nikiiacha siwezi kusema mlango wa nyumba niliyolala ulifunguka kuelekea wapi. Spika hakukubali habari hizo. Baada ya kazi alinitembeza, mimi nikichechemea, na kila mahali alinikalisha. Kwenye tanuri la mikate nilikaa juu ya gunia la unga mpaka mwokaji akaanza kunituma. Shuleni nilikaa chini ya mahali ilipokuwa kengele. Karakanani nilikaa mpaka nikatoka na vumbi la mbao masikioni. Kisha alinifunga macho kwa kofia yake katikati ya barabara, akanizungusha kama pia, akasema, "Dawa!"

Nilinyoosha kidole.

"Huo ni msikiti. Tena."

Muuza mkaa alisimamisha mkokoteni wake kutazama. Wengine wakamfuata. Nilipopatia mara ya kwanza, barabara ilishangilia, na mwenye mkokoteni akasema huyu sasa anaweza kuoa hapa.

Mazoezi ya sauti yalifanyika zahanati, kwa ruhusa ya Sista iliyotolewa huku amefumba macho. Spika alinisimamisha juu ya benchi.

"Mkate!" niliita.

Wagonjwa walisikiliza kwa umakini wa watu wasio na kazi nyingine.

"Hiyo sauti haimfukuzi hata paka jikoni," alisema mtu mmoja aliyefungwa kitambaa shavuni, ambaye jino lake lilikuwa likisubiri zamu.

"Usiitoe kooni," Spika aliniambia. "Koo ni mlango tu. Itoe tumboni, halafu uiweke mbele yako kama sahani. Usimtupie mtu. Muwekee."

"Mkate!"

"Afadhali. Sasa nimesikia herufi zote," alisema wa jino.

"Mkate!"

Yule mama wa minyoo, aliyerudi kuchukua majibu, alisema bila kuulizwa kwamba mtoto ameshtuka. Spika alinipa mkono kwa fahari. Nyuma ya pazia Sista akasema, "Basi. Jumamosi. Lakini Spika, ukishuka, wewe ni mtu wa kawaida. Umesikia? Mtu wa kawaida."

"Mimi ni mtu wa kawaida sana!" alinguruma Spika, na dirisha likajibu.

Jumamosi asubuhi tuliondoka watano. Sista mbele na fimbo, Fundi Baiskeli akibeba kamba na maneno, Bi Sindano na kikapu kizito, Spika na magoti yake yaliyofungwa bandeji mpya, na mimi nyuma. Uwanda ulikuwa umelala kimya, majani makavu mpaka mwisho wa macho, na tangi la maji nyuma yetu. Nilikuwa namuuliza Fundi Baiskeli bado ni mbali kiasi gani alipoishika kola yangu. Nilitazama chini. Ardhi ilikuwa imekwisha.

Kila alichosema Spika kilikuwa kweli. Hata rangi.

Watu wa pale hawana ngazi katika maisha yao, nyumba zao zote zimekaa chini. Kwa hiyo wanateremka kinyumenyume, matako yakitangulia, kama watoto wanaoshuka kitandani. Walijipanga. Spika alivua kofia, akaivaa tena.

"Hodi!" alisema Sista.

"Karibu," nilijibu kutoka ukingoni.

"Hodi!" alisema Fundi Baiskeli, na Bi Sindano naye akapiga hodi yake ndogo.

Kisha Spika. Alifungua mdomo, na miaka yote ile ya kujibu karibu ikampanda kichwani, maana alichopiga kilikuwa hodi ya kuvunja mlango. Njiwa waliruka kutoka kwenye kuta zote mbili. Kokoto zikateremka. Kutoka ndani ya korongo hodi ile ilirudi, ikaenda, ikarudi tena, na ilipotulia nilijikuta nimesimama wima kama askari.

"Karibu," nilimwambia. "Karibu ndani."

Akateremka kinyumenyume, kofia yake ikazama chini ya ukingo, na nikabaki peke yangu na tangi.

Mwanzo mambo yalienda vizuri. Nilitembea juu nikichechemea, wao chini kama vifungo vinne vilivyoanguka. Njia panda ya kwanza niliweka "Kengele!" kama sahani, wakaipokea, wakageuka. Nilijisikia mtu mwenye wadhifa.

Njia panda ya pili ilihitaji Mkate. Ndiyo kwanza nilikuwa navuta pumzi ya tumboni.

"Msumeno!"

Haikutoka kwangu. Ilitoka chini. Ilipanda ikapita miguuni mwangu ikaenda zake mbinguni. Spika, aliyekuwa haoni tangi, haoni mji, haoni chochote ila ukuta mwekundu na mgongo wa Sista, alikuwa amefika kwenye njia panda, na njia panda ikamfanya afanye alichozoea. Alitoa amri. Na wenzake, waliokuwa wameitii sauti ile tangu vyoo vya shule, wakageuka wote kwa pamoja bila kusita wakaingia Msumeno.

"Mkate!" nilipiga kelele. "Mkate!"

"Mgeni anasema Mkate," nilimsikia Fundi Baiskeli.

"Ana njaa!" alisema Spika. "Msumeno! Songeni!"

Tawi la Msumeno, kama nilivyoliona vizuri sana kutokea juu, lilikuwa fupi na mwisho wake kulikuwa na dimbwi la matope. Nililia Mkate mpaka vumbi la karakana likatoka masikioni. Nikabadilisha nikasema "Dawa! Dawa!" ili angalau warudi nyuma kuelekea mjini.

"Nani mgonjwa?" iliuliza sauti kuu kutoka chini.

Kisha nikasikia chubwi, na baada yake Sista akitumia maneno ambayo chuo cha uuguzi hakifundishi. Alikuwa amezama mpaka magotini. Mguu ulitoka, kiatu hakikutoka.

"Nilikwambia uwe nani, Spika?"

"Mtu wa kawaida, Sista."

"Na mtu wa kawaida anaongoza msafara?"

"Imenitoka yenyewe! Subirini, nadhani tukienda Kengele..."

Cha!

Hata mimi juu niliusikia. Bi Sindano alikuwa ameutoa mkasi kikapuni.

"Mke wangu, nilikuwa nasema tu kwamba..."

Cha! Cha!

Korongo likakata pamoja naye, cha cha cha, kuta zote.

"Nikaongelee nje?" alisema Spika kwa uchungu. "Lakini huku ndiko nje!"

Bi Sindano alimtazama. Akainua mkasi, akaukata mara ya tatu.

Mara tatu haikuwepo katika lugha ya nyumba ile. Hakuwahi kuisikia maishani mwake. Lakini mtu hakai na mshonaji miaka yote hiyo asielewe pindo linapofungwa. Alifunga mdomo. Nilimwona akiufunga: aliubana kwa vidole viwili, kama anafunga mfuko.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Fundi Baiskeli. "Sasa ndiyo naogopa."

Wakakichokora kiatu cha Sista kwa fimbo, wakarudi hadi njia panda. Nilivuta pumzi, nikaliweka neno mbele yangu, na kwa kuwa hapakuwa na lingine la kulipinga, lilishuka lote.

"Mkate."

Wakageuka.

Kuanzia hapo Spika hakusema kitu. Nilimfuata kwa macho kutokea juu. Aligusa ukuta. Akanusa kiganja chake. Alisimama mahali ambapo hewa ya baridi hutoka kwenye mpasuko mmoja, akaweka uso pale, akakaa hivyo mpaka Fundi Baiskeli akamuuliza kama anangoja namba. Mtu aliyetumia umri wake wote akisikika alikuwa anasikiliza, na alifanya hivyo kama anavyofanya kila kitu, kwa nguvu zote, shingo imevimba.

Walifika kwenye jiwe. Lilikuwa jiwe pana lililojikunja kama kiti, na nyuma yake maji kidogo yalidondoka. Bi Sindano alikaa upande mmoja. Akapangusa upande wa pili kwa upindo wa nguo yake, akampigia mumewe kiganja pale: kaa.

"Shemeji!" Fundi Baiskeli alipiga kelele. "Kila Jumamosi nakuomba nafasi hapo, unaniambia pana unyevu!"

"Palikuwa na mtu," alisema Bi Sindano.

Spika alikaa. Magoti yalilia, yeye hakulia, ingawa aliishusha kofia mpaka kwenye pua na kubaki hivyo kwa muda. Nami niligundua jinsi kutazama tangi la maji kulivyo na faida yake.

Mbele kidogo ya jiwe lile ndipo chama hurudia siku zote. Chini kule korongo linaendelea, kona moja, bila matawi tena. Watu husema linakwenda likipanuka mpaka linakuwa bonde, na bonde hilo linafunguka kwenye mji alikoolewa binti yao. Lakini juu, ukingo umekatwa na mpasuko ambao Jicho hawezi kuuvuka. Spika alikuwa akisimama hapo nilipokuwa nimesimama mimi, anaita Dawa, wanarudi. Hakuna mwanachama aliyewahi kuipita ile kona.

Sista alitazama saa yake. "Haya, turudi. Mgeni, tuitie Dawa."

Bi Sindano alikuwa ameinuka na kikapu chake. Hakuwa ameelekea nyumbani. Alikuwa amesimama akiitazama kona, na sasa Fundi Baiskeli akasema, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo, kwamba kila Jumamosi husimama vile vile, kisha hugeuka. Walidhani anapumzika.

"Nilikuwa namsubiri mtu," alisema. Akamgeukia mumewe. "Mzee, twende?"

Nilingoja ule mngurumo. Haukuja. Spika alitikisa kichwa juu chini, mara moja, kama mtoto anayekubali kuogeshwa.

"Twende wapi?" alisema Sista. "Spika, Jumatatu kuna kliniki ya watoto! Una likizo lakini hukuiomba!"

Bi Sindano akafunua kikapu. Ndani kulikuwa na mikate, chupa za maji, shuka, soksi za mumewe na gauni dogo lililoshonwa kwa saizi ya mtoto. Sista alilitazama gauni, akazitazama bandeji kwenye magoti, akaitazama mbingu ambayo bado ilikuwa safi.

"Hakuna matawi huko," alisema Fundi Baiskeli. "Hata mbuzi hapotei."

"Na nani ataita namba?"

Mmoja baada ya mwingine, waliinua vichwa wakatazama juu.

"Mgeni!" aliita Sista. "Mguu wako unahitaji muda gani kupona?"

"Wewe ndiye mtaalamu!"

"Basi unahitaji mpaka hawa watakaporudi kwa basi. Wapi pa kulala unapajua. Vikombe vining'inize."

Nilikuwa na safari. Nilikuwa na mji mwingine ambao watu waliusifia, na mwingine mbele yake. Nilifungua mdomo kusema hivyo, na nikaliona tangi la maji, na bila kutaka nikajua mkate unaokwa wapi.

"Sawa," nilisema, kwa sauti ya tumboni.

Waliagana chini kule. Sista alimkaza Spika bandeji za magoti kwa ukali wa upendo, akamkabidhi fimbo yake. Fundi Baiskeli alimwambia akifika mjini kwa binti apige kelele, watasikia. Spika alishika mkono wa mkewe, wakatembea taratibu, yeye akichechemea kama mimi, hadi kwenye kona. Hapo alisimama, akainua uso akanitafuta. Alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Nilijishika vizuri ukingoni.

Akaitoa pumzi bila neno. Alivua tu kofia, akaipunga. Kisha kofia ikapita kona, na kikapu kikapita, na korongo likabaki na watu wawili wenye matope na mwangwi usio na kazi.

Tulingoja kidogo, sijui tulingoja nini. Halafu kutoka ng'ambo ya kona, mahali ambapo hakuna mwanachama aliyewahi kufika, ikaja.

"HODIII!"

Njiwa wote waliruka tena.

"Karibu!" nilijibu, ingawa nyumba haikuwa yangu.

"Dawa," alisema Sista kutoka chini, amechoka, kiatu mkononi. "Tuitie Dawa, twende zetu. Na Jumatatu, Mgeni, namba tu. Magonjwa ya watu uyaache."